Miaka Yangu ya Kueleza Kura Bila Kuegemea Upande

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini kadi ninayo, imesimama juu ya televisheni, na herufi zake za dhahabu zinanitakia uzee wenye raha. Ina picha ya babu mmoja anavua samaki. Aliyeinunua ni mwenzangu wa kazi, Bwana Gurdev. Nilipomuuliza kwa nini hakuchukua kadi ya kuagana ya kawaida, alisema kitengo kikifungwa na mtu asipewe kazi nyingine, huko ni kustaafu tu, na kwamba umri ni habari ya daktari.

Basi nakuandikieni nyinyi wawili, Khadija na Musa, mnaoanza kuifanya kazi yetu kwa simu. Mtakaa ofisini na vidude vya masikioni, hamtapanda ngazi wala kuvua viatu. Vyeo sitavitaja, kwa sababu changu kilibadilishwa jina mara tatu na kazi ikabaki ileile. Mshahara nao nauacha, kwa heshima ya mama yangu, ambaye mpaka leo anadhani ulikuwa mkubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ikiwa na neno la kuwaambia wakazi, hutoa karatasi. Karatasi isipoeleweka, hutoa karatasi nyingine yenye picha. Picha nayo isipoeleweka, hutuma mtu. Kwa upande wa Waswahili mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka Unguja na kidato cha pili na ndoto ya kuwa mtangazaji wa redio, nikifikia kwa shangazi yangu Woolwich. Kwenye usaili waliniuliza nguvu yangu ni nini. Nikasema napenda watu. Wakaandika kitu, na wiki iliyofuata nikaajiriwa, jambo lililonishangaza mimi na shangazi sawasawa.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Gurdev. Yeye ni kalasinga wa Kisumu anayeishi Wembley, na aliwahudumia Wapunjabi, Wagujarati, na kabla yangu Waswahili pia, kwa Kiswahili chake cha Kisumu ambacho hakikuwa na haraka na hakikumwogopa mtu. Nilimkuta kituo cha basi na mfuko wa kitambaa. Nilitarajia atoe kanuni za kazi. Alitoa jozi ya soksi.

"Hizi zako," alisema. "Sasa sikia, kijana. Katika hii kazi utavua viatu kila nyumba. Soksi ikiwa na tundu, mama wa nyumba hasikii unasema nini. Anaangalia kidole."

Nikamwambia zangu ni nzima. Akaniambia nivue kiatu hapohapo kituoni. Nilivua. Akatazama, kisha akanipa zile soksi.

Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yangu ya kwanza, na nimestaafu nazo jozi kumi na moja. Ya pili ni kugonga mlango kwa kile kibati cha kutilia barua, kwa sababu kengele za maghorofa yale nyingi ni pambo. Ya tatu ni chai. Swali likikukaba, omba chai. Mwenye nyumba akienda jikoni unapata muda wa kufikiri, na akirudi huwa ameanza kukuhurumia.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya Wakongo, watu wa Bukavu, na jambo lilikuwa pipa la kijani. Nilieleza kwa Kiswahili changu cha Unguja, kwa sauti ya redio. Baba wa nyumba akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamgeukia Bwana Gurdev na kumuuliza kama huyu kijana amekuja kusomea marehemu. Bwana Gurdev alikwenda jikoni, akashika ganda la ndizi, akalionyesha pipa. Tukaelewana wote. Ndani ya basi aliniambia, "Wewe una sauti mzuri. Sasa tafuta masikio."

Miaka ikaenda hivyo, mapipa, vibali vya kuegesha gari, sindano za mafua, mpaka ikaja ile kura. Kaunsili yenyewe siitaji. Ni mojawapo ya kaunsili za London, na mimi nilikuwa nikiifanyia kazi bila kukaa ndani ya mipaka yake, jambo ambalo mtaona lilinisaidia.

Kaunsili ilikuwa na masomo ya ziada baada ya saa za shule, kwa watoto waliochelewa kujua kusoma. Pesa za kuyaendesha zikawa hazitoshi, na wakubwa, badala ya kugombana wao kwa wao, wakaamua tugombane sisi. Wakaandika mapendekezo mawili. La kwanza: kodi ya kaunsili ipande kwa kila nyumba, na masomo yaendelee. La pili: kodi ibaki pale ilipo, masomo yafungwe, na mzazi anayeyataka amtafute mwalimu na kumlipa mwenyewe. Kila mpiga kura angeletewa karatasi kwa posta, aweke alama moja, airudishe. Na sisi watu wa Jumuiya ya Madola tuna kura hata bila pasipoti yao, kwa hiyo Waswahili wengi walimo.

Meneja wetu alituita akatupa amri moja. Tueleze mapendekezo yote mawili kwa uzito sawa, na tusimwonyeshe mtu hata kwa nyusi ni lipi bora. Akizidi mmoja wetu kuegemea, kazi hana. Mimi nilitoka mle nikiwa na furaha tele. Niliona ndiyo redio yangu imefika.

Nilianzia jengo ambalo nililijua vizuri, ghorofa ya nne, milango miwili inayotazamana. Mlango mmoja wa Bi Zuhura, mtu wa Unguja, aliyekuja na mumewe miaka michache baada ya Mapinduzi. Mume amefariki, yeye alishona nguo za watu mpaka macho yakachoka, na sasa anaishi kwa pensheni ndogo. Mlango wa pili wa Mama Neema, mtu wa Mbeya, msaidizi wa wauguzi hospitali, wa shifti za usiku. Ni majirani wa kupokezana chumvi na kutaniana. Bi Zuhura humwita Mama Neema "mtu wa bara" kana kwamba bara ni ugonjwa, na Mama Neema humuuliza Bi Zuhura kila Ijumaa lini atarudishiwa usultani wake.

Mama Neema ana binti, huyo Neema, wakati ule wa miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote na hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Shida yake ilikuwa kitabu. Alikiogopa kama wengine wanavyoogopa sindano. Ukimfungulia ukurasa alikuwa anafumba midomo, anatazama viatu vyake, machozi yanaanza. Shuleni walimweka katika yale masomo ya ziada, na pale, kidogo kidogo, alikuwa ameanza kusoma mstari mmoja mmoja, mradi asitazamwe. Masomo yakifungwa, Mama Neema hakuwa na uwezo wa kumweka mwalimu wa kumlipa, wala hakuwa na macho ya kumsomesha mwenyewe, maana akitoka shifti alikuwa analala na koti.

Siku hiyo niliwakuta wote watatu sebuleni kwa Bi Zuhura. Nikavua viatu, soksi zikapita ukaguzi, nikaanza.

Nilisoma karatasi kama ilivyo, wakanitazama. Nikaona niweke mfano. Nikasema, "Pendekezo la kwanza ni kama mchango wa harusi. Kila mtu anachanga, hata asiye na mwari wa kuoza. La pili ni kama kila mtu na harusi yake, asiye nacho asioze."

Mama Neema akapiga paja. "Sasa hapo umesema, kaka Makame. Kwani nani asiyechanga harusi?"

Bi Zuhura aliweka kikombe chini polepole. "Makame, mwanangu. Umetumwa na kaunsili au umetumwa na huyu?"

"Nimetumwa na kaunsili, Bi Zuhura."

"Basi mbona la kwanza umelivisha kanga na la pili umelitoa uchi?"

Alikuwa na haki. Kwa Kiswahili hakuna anayesimama akasema yeye hachangi. Nikaomba chai. Aliporudi nikawa nimepata mfano mwingine, usio na aibu ndani yake. Nikasema kodi ni kama lifti ya jengo. Watu wa chini hawaipandi, ila wanailipia, ili wa juu wafike.

Nilisahau kwamba lifti yenyewe ilikuwa mbovu tangu kipupwe, na mimi mwenyewe nimepanda ngazi nikihema.

"Kama ni hiyo lifti," alisema Bi Zuhura, "basi nisilipe hata thumni."

Mpaka Mama Neema alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka yuko upande gani, akakasirika. "Kaka, wewe nani kakufundisha kueleza? Umeniua hapa hapa."

Habari ya lifti ilishuka ngazi haraka kuliko mimi. Nilipofika ghorofa ya chini kijana mmoja wa Mombasa alinisimamisha kuniuliza kama ni kweli kodi inapandishwa kutengeneza lifti, na kwa nini yeye alipe.

Nilimweleza Bwana Gurdev yote. Alikuwa anakula chapati yake ofisini. "Mifano wacha," alisema. "Mfano ni kama shemeji. Ukileta nyumbani lazima achukue upande wa mtu. Wewe soma karatasi tu. Hii sauti moja, na hii sauti ileile."

Nikajizoeza mbele ya kioo. Nikarudi, nikasoma mapendekezo mawili kwa sauti moja kabisa, bila kupanda wala kushuka, kama mtangazaji wa hali ya hewa.

"La pili umelisoma kwa huzuni," alisema Bi Zuhura.

"Sikuona huzuni mimi," alisema Mama Neema. "La kwanza ndiyo alilisoma kama anaumwa tumbo."

"Haya, tuache," Bi Zuhura akasema. "Wewe mwenyewe, Makame, ungechagua lipi?"

Hilo swali nilikuwa nimelingoja. "Mimi nakaa Woolwich, Bi Zuhura. Kura hii si yangu."

"Ndiyo maana unaeleza kwa raha."

Hapo Mama Neema akaacha mzaha. Neema alikuwa chumba cha pili anatazama katuni, kwa hiyo aliongea chini. "Bi Zuhura, mimi sikuombi unipende. Lakini mwanangu akifika sekondari hajui kusoma, huko hakuna wa kumngojea. Ndiyo kwanza ameanza. Akiachwa sasa anarudi alipokuwa."

"Najua," alisema Bi Zuhura. " Na mimi kodi ikipanda nizime nini? Hita au jiko? Unaniona nimevaa sweta mbili, unadhani ni fasheni?"

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Meneja alisema tuyape mapendekezo uzito sawa, na mle ndani yalikuwa na uzito sawa kweli. Nikaomba chai ya pili, na nadhani wote wawili walijua kwa nini, maana walikwenda jikoni pamoja.

Waliporudi walikuwa na shauri. Waswahili wote wa jengo waitwe kikao.

Kikao kilifanyika Jumapili, palepale sebuleni. Walikuja Watanzania, Wakenya, na wale Wakongo wa pipa la kijani, ambao kumbe walikuwa wamehamia ghorofa ya pili na walinipokea kwa heshima kama sheikh. Kulikuwa na kahawa na halwa. Mimi nilikaa karibu na mlango, nimekatazwa nyusi.

Nilivyojua mimi, watu wangejadiliana, wakaondoka, kila mmoja akapiga kura yake. Lakini hebu fikirini, nani kati yetu amewahi kuona kikao cha Waswahili kinachoisha watu wakiwa pande mbili? Sisi hatuhesabu mikono. Tunazungumza mpaka aliyeshindwa aone kwamba hakushindwa. Yule kijana wa Mombasa alisema kodi isipande. Mama Neema alisema ipande. Baba wa Bukavu alisema maneno marefu mazuri ambayo hayakuwa na upande wowote na yalipigiwa makofi kuliko yote. Halwa ikazunguka tena. Ilipofika alasiri, Bi Zuhura, kwa kuwa ndiye mkubwa, akatoa neno la kufunga.

"Tumekubaliana," alisema. "Kodi ipande nusu. Masomo yawe nusu. Watoto wasome Jumatatu na Jumatano, siku nyingine wapumzike. Makame, waambie."

Watu wote wakaitikia, wakashikana mikono. Mama Neema alimbusu Bi Zuhura. Mimi nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyekuwa na msiba.

"Wazee wangu," nilisema, "nusu haimo kwenye karatasi."

"Tutaiandika," alisema kijana wa Mombasa.

"Mkiiandika, kura inaharibika."

"Vipi inaharibika na sote tumekubali?" aliuliza Bi Zuhura. "Inaharibika watu wakigombana. Halafu karatasi zote nipeni mimi, nitazijaza mwandiko mmoja, tuzitie bahasha moja. Tuokoe stempu."

Nikawaeleza kwamba stempu imekwisha lipwa, kwamba kila mmoja aweke alama yake mwenyewe, peke yake, na kwamba kura ni siri.

"Siri?" Bi Zuhura alinitazama kwa kunionea huruma. "Tumekaa hapa tangu adhuhuri tunasemeana kila kitu mpaka pensheni yangu. Siri gani tena imebaki?"

Kesho yake, ili nisionekane nimewadharau, nilipiga simu kwa wasimamizi wa kura nikauliza rasmi kama jengo moja linaweza kukubaliana nusu. Bibi aliyepokea akauliza, nusu ya nini. Nikamweleza. Akasema katika miaka yake yote ameulizwa habari za kura za mbwa na za marehemu, ila hili ni jipya, na jibu ni hapana, na kwamba kwa kweli anasikitika, maana nusu lilikuwa wazo zuri.

Nililipeleka jibu ghorofa ya nne. Nasema kweli, kupeleka habari ya msiba ni rahisi zaidi. Maana kikao kilikuwa kimewapatanisha, na sasa kaunsili ilikuwa inawaambia wagombane upya, kila mtu peke yake na kalamu yake. Bi Zuhura alisikiliza, akachukua karatasi yake juu ya friji, akasema, "Basi mimi naitazama pensheni yangu, mtu asinilaumu." Mama Neema akasema, "Na mimi namtazama mwanangu." Milango miwili ikafungwa, mmoja halafu mwingine, na mimi nimesimama katikati na soksi zangu safi.

Wiki zile hawakupokezana chumvi. Nilipopita, kila mmoja aliniuliza hali ya mwenzake, nikajibu kwa uzito sawa.

Matokeo yalipotoka, pendekezo la kwanza lilikuwa limepita kwa tofauti ndogo. Kodi ikapanda. Masomo yakabaki. Mama Neema alinipigia simu, hakusema kitu cha maana, alilia tu akashukuru, nikamwambia mimi sikufanya kitu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu hiyo ilikuwa ripoti sahihi. Bi Zuhura sikuthubutu kumpigia.

Alinipigia yeye. Ilikuwa baada ya bili mpya kufika.

"Makame. Mchango wangu wameshaukata. Shughuli ni lini?"

"Shughuli gani, Bi Zuhura?"

"Hayo masomo. Harusi nikichanga nakwenda. Nakaa, nakula, natazama bibi harusi kapambwaje na pesa yangu imekwenda wapi. Haya, hao watoto wanasoma siku gani, nijitayarishe?"

Nilijitahidi. Nilimwambia kodi haiendi hivyo, kwamba mtu analipa na habari inaishia hapo. Alinijibu kwamba huyo ni mtu anayeibiwa, si mtu anayechanga. Na aliyesema ni mchango, mbele ya shahidi Mama Neema, nilikuwa mimi.

Hiyo kazi haikuwamo katika majukumu yangu, na pia sikuwa na njia ya kutoka. Nilikwenda shuleni. Mwalimu wa masomo yale, dada mmoja mpole mwenye nywele nyekundu, aliniuliza bibi huyu ni nani kwa watoto. Nikasema ni mchangiaji. Akasema wote ni wachangiaji. Nikasema ndiyo, lakini huyu anataka kuja. Akafikiri, akasema anaweza kuja kukaa na watoto wakati wanasoma, kama wafanyavyo wazee wengine, ila kwanza lazima polisi wathibitishe hana makosa.

Nilidhani hapo yataisha. Bi Zuhura alisema, "Nimekaa London kabla hujazaliwa, leo ndiyo wanauliza kama mimi mwizi?" Lakini akatoa pasipoti. Kibali kilipokuja, alikizungusha jengo zima. Alimuuliza kijana wa Mombasa kama na yeye polisi wanaweza kumwandikia kitu kama hicho, na kijana akakumbuka ana haraka.

Tukaenda Jumatano, mimi kama mkalimani wake. Alivaa buibui jipya na viatu vya kisigino, na alikuwa amejifukiza udi hata njia nzima ya shule ikanukia. Watoto waligeuka. Viti vya mle ni vya kimo cha goti, wakamletea cha mwalimu. Akakaa katikati ya chumba, mkoba kwenye kiti kidogo cha pembeni, akatazama kuta, madirisha, zulia, kwa utaratibu kabisa, kama aliyekuja kuhakikisha maturubai yametosha.

Neema alikuwa pembeni na mwalimu, kitabu kimefunguliwa, midomo imefumbwa. Viatu vinatazamwa. Nadhani ujio wetu ulikuwa umemharibia. Bi Zuhura akamwona.

"We Neema. Njoo hapa. Lete na hicho."

Mtoto akaja, maana kwa Bi Zuhura mtu huwa anakuja tu. Akasimama ubavuni pake. Bi Zuhura akagusa picha. Ilikuwa picha ya mbwa mkubwa wa manyoya.

"Soma. Mimi Kiingereza changu cha duka na daktari. Hata ukikosea nitajuaje?"

Hilo Neema alilipima. Alimtazama usoni, akaona kweli, hatajua. Kidole kikaanza kutembea chini ya maneno, na sauti ikatoka, nyembamba, neno moja, halafu jingine, mpaka nukta.

"Kasema nini?"

Neema akamwambia kwa Kiingereza.

"Kiswahili. Nshakwambia hicho sikijui."

Mtoto akababaika. "Mbwa... amepanda kitandani."

"Kitanda cha nani?"

"Cha bibi."

"Aa, hapana. Hapo umeruka. Soma tena."

Akasoma tena. Mbwa bado alikuwa kitandani.

"Na huyo bibi yumo?"

"Amelala."

"Kalala na mbwa, na huyo ndiyo mwandishi kaandika watoto wasome? Soma tena, pole pole, nisikie."

Mwalimu alinigeukia kutaka tafsiri. Nilimwashiria angoje. Neema alikuwa anasoma ule mstari mara ya nne, na kidole hakikuwa chini ya maneno tena. Alikuwa anasoma kwa hasira, kama shahidi asiyeaminiwa. Bi Zuhura alipokataa mara ya tano, mtoto akafunua ukurasa mwenyewe ili amwonyeshe kwamba huko mbele ndivyo ilivyo, na kwamba bibi mwenyewe ameamka na hakukasirika.

Mlango ukafunguka taratibu. Mama Neema alikuwa amekuja kumchukua binti kabla ya shifti, koti juu ya sare. Aliona nani amekaa katikati ya chumba, akasimama kama aliyegonga ukuta. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya milango. Kisha akasikia sauti, akatafuta ni ya nani.

"Halafu mbwa kenda zake," Neema alikuwa anaeleza, "kashuka ngazi."

Mama Neema alinisogelea sikioni. "Kaka Makame. Huyo ni Neema anasoma?"

"Ndiye."

"Na hicho Kiswahili cha kisiwani?"

"Ndicho."

"Nikimpeleka Mbeya nitawaambia nini watu?" Lakini macho yalikuwa yamejaa, na hakuyafuta, ili asikose kitu.

Bi Zuhura hakugeuka. Alisogeza mkoba wake kutoka kiti cha pembeni, kile kidogo, akakipigapiga.

"Mama Neema, kaa, unatuzibia taa," alisema. "Tumefika pabaya. Mbwa kaingia jikoni."